Mvulana Machimboni, Msichana Jikoni: Uhakiki wa Namna Tatu za Kuisoma Kazi ya Mtoto Kilimanjaro

Utangulizi

Mjadala juu ya utumikishwaji wa watoto katika nchi zinazoendelea huanza kwa kawaida na hesabu, na kwa miaka mingi hesabu hiyo imetoa jibu moja: wavulana wanaofanya kazi ni wengi kuliko wasichana. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF yaliyotolewa mwaka 2021 yalitaja watoto milioni 160 duniani kote, wavulana milioni 97 na wasichana milioni 63. Msomaji wa haraka ataondoka na fundisho kwamba mtoto wa kike ana nafuu. Makala haya yanakusudia kulihoji fundisho hilo, si kwa kutafuta hesabu nyingine peke yake, bali kwa kuuliza swali la mhakiki: je, tunasomaje? Tunapoitazama kazi ya mtoto tunatumia macho gani, na macho hayo yanaficha nini?

Mahali pa kuuliza swali hili ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Sababu ni mbili. Kwanza, hapa kazi ya mtoto imeandikwa kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi za Tanzania, na walioiandika walitoka katika nyumba yetu wenyewe, yaani misheni ya Kilutheri. Pili, mkoa huu unasifiwa kwa kuwapeleka watoto shuleni, wa kiume na wa kike. Iwapo tofauti ya kijinsia katika kazi ya mtoto inaendelea hata mahali ambapo shule imestawi, basi haielezeki kwa ukosefu wa madarasa peke yake.

Nitachunguza namna tatu za kusoma. Ya kwanza inaiona kazi ya mtoto kuwa malezi, ya pili inaiona kuwa ajira, na ya tatu, ambayo ni ya mimbari zetu, inaiona kuwa utii. Kila moja ina ukweli wake, na kila moja kwa njia yake humpoteza mtoto wa kike.

1. Kazi kama malezi

Mwaka 1940 kilichapishwa kitabu cha Otto Raum, Chaga Childhood. Mwandishi alikuwa mwana wa Johannes Raum, mmisionari wa Leipzig, misheni ile iliyofika Machame mwaka 1893. Kitabu hiki kinastahili heshima. Katika siku ambazo Wazungu wengi walidhani kwamba elimu iliingia Afrika pamoja na ubao na chaki, Raum alionyesha kwamba Wachaga walikuwa na elimu kabla ya shule: mtoto alifundishwa katika mchezo, katika hadithi, katika adhabu na katika kazi za nyumbani. Aliwatazama watoto kwa makini na bila dharau, jambo ambalo si wote walioandika juu yetu walilifanya.

Hoja hiyo ya Raum ni ya kweli hata leo. Mtoto asiyefanya kazi yoyote hajalelewa; amefugwa tu. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na hakuna mzazi mwenye akili katika Old Moshi au Mwika atakayekubali kwamba kumtuma mtoto maji ni kumtumikisha. Anayeandika juu ya utumikishwaji wa watoto bila kukiri jambo hili atasomwa na wageni tu.

Lakini usomaji huu una upofu wake. Msisitizo wa kitabu ni malezi, na malezi hutazamwa kwa kuuliza mtoto anajifunza nini. Kuna swali la pili lisilopewa uzito uleule: ni nani atakayevuna matunda ya kile anachojifunza? Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kukitaja kihamba.

Kwa desturi ya Kichaga kihamba hupita kwa wana wa kiume. Sally Falk Moore, katika utafiti wake juu ya sheria za kimila Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 1986, alieleza jinsi mwana wa kwanza na mwana wa mwisho walivyokuwa na nafasi ya pekee katika urithi, huku wana wa katikati wakilazimika kutafuta mahali pengine. Binti hakuwamo katika hesabu hiyo. Alitazamiwa kuolewa na kwenda kukitumikia kihamba cha ukoo wa mumewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hata hivyo mila hazifutwi na chapa ya Serikali kwa siku moja, na kila mchungaji aliyewahi kuketi katika kikao cha ukoo baada ya matanga anajua ni nani huulizwa kwanza na ni nani haulizwi kabisa.

Sasa tuwatazame watoto wawili wa nyumba moja. Mvulana anapalilia migomba. Dada yake anapalilia migomba hiyohiyo. Kwa macho ya malezi wanajifunza jambo moja. Kwa macho ya urithi, mvulana, hasa akiwa wa kwanza au wa mwisho, anajifunza kuitunza mali itakayokuwa yake, naye msichana anajifunza kuitunza mali ambayo haitakuwa yake kamwe. Kwa hiyo neno malezi lina maana mbili katika nyumba moja, na usomaji unaolitumia kwa wote wawili bila kulitenganisha umeshapendelea upande mmoja.

Mfano wa majani ya ng'ombe unaeleza zaidi. Kwa Wamasai wa tambarare, ng'ombe huenda malishoni na mvulana huenda naye. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ardhi ni haba, na ng'ombe tangu zamani hufungwa ndani. Ng'ombe asipoyafuata majani, hana budi majani yamfuate. Hivyo kazi ambayo kwingineko ni ya mvulana mchungaji, hapa imekuwa ya mwanamke na binti yake, wakatao majani tambarare au kwenye mitaro na kuyapandisha mlimani kichwani. Kazi ya uchungaji ina heshima na ina hadithi. Mvulana hurudi jioni akiwa na la kusimulia. Kazi ya kubeba majani haina hadithi. Hufanywa baada ya shule na kabla ya kupika, na mtu akiuliza binti alikuwa wapi, ataambiwa kwamba alikuwa akimsaidia mama.

Hali ni hiyo pia katika zao lililouletea mkoa huu jina. Buni huchumwa na mikono yote ya nyumba, ya wakubwa na ya wadogo. Lakini tangu chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilipoundwa mwaka 1933, aliyeandikwa katika daftari la chama cha msingi alikuwa kwa kawaida mwenye kihamba, naye ndiye aliyepokea malipo. Mvulana aliyechuma buni alikuwa akimfanyia kazi baba ambaye siku moja angeweza kumrithi hata katika daftari lile. Dada yake alichuma kikapu kilekile pasipo tumaini hilo.

2. Kazi kama ajira

Usomaji wa pili ni wa sheria na takwimu. Huu haukubali kirahisi kwamba kila kazi ni malezi. Unauliza umri, saa na hatari. Katika jambo hilo umetusaidia sana. Tanzania iliridhia Mkataba Namba 138 wa ILO juu ya umri wa chini wa kuajiriwa mwaka 1998, na Mkataba Namba 182 juu ya aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto mwaka 2001. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, ikakataza kazi ya unyonyaji na kazi ya usiku. Utafiti wa Taifa wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba watoto wapatao milioni 4.2 wa Tanzania Bara, wenye umri wa miaka 5 hadi 17, walikuwa katika kazi zisizowastahili. Hakuna mwana wa Kanisa awezaye kuzipuuza juhudi hizi.

Hata hivyo kila sheria ina mlango wa nyuma, na mhakiki hupaswa kuutazama mlango huo. Mkataba Namba 138 wa mwaka 1973, katika kifungu chake cha tano, unaruhusu nchi kuweka mipaka ya shughuli zitakazobanwa na mkataba. Na hata mipaka ikiwekwa, mashamba madogo ya familia yanayozalisha kwa matumizi ya mahali pale na yasiyoajiri vibarua mara kwa mara hayaingii katika zile zinazolazimika kubanwa. Waandishi wa mkataba walikuwa na sababu nzuri: hawakutaka kumfanya kila mkulima mdogo kuwa mhalifu. Lakini kihamba ni nini, isipokuwa shamba dogo la familia? Na jiko limo ndani ya kihamba. Hivyo mahali ambapo msichana hutumia saa zake nyingi ndipo mahali ambapo jicho la mkataba lilipewa ruhusa ya kufumba.

Takwimu nazo zilifuata njia hiyo. Kwa muda mrefu kazi za nyumbani, yaani kuteka maji, kutafuta kuni, kupika, kufua na kulea wadogo, hazikuhesabiwa kuwa kazi katika maana ya kiuchumi. Ni mwaka 2008 tu ambapo mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi uliziruhusu nchi, kama zikipenda, kuzihesabu kazi za nyumbani zenye saa nyingi au hatari katika kupima utumikishwaji wa watoto. Matokeo ya kubadili kipimo ni makubwa. Mwaka 2016 UNICEF ilieleza kwamba wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia muda unaozidi wa wavulana kwa asilimia 40 katika kazi za nyumbani zisizolipwa, pamoja na kuteka maji na kutafuta kuni. Katika ripoti ya mwaka 2021, kazi za nyumbani za saa 21 au zaidi kwa juma zilipojumuishwa, pengo kati ya wavulana na wasichana wa umri huo lilipungua karibu nusu. Katika ripoti ya mwaka 2025, iliyokadiria watoto karibu milioni 138 kwa mwaka 2024, pengo liligeuka kabisa: zikihesabiwa saa hizo za nyumbani, wasichana ndio wanaozidi.

Msomaji azingatie kilichotokea hapa. Kuni hazikuongezeka wala visima havikusogea mbali kwa sababu ya kubadilisha jedwali. Msichana alikuwa akifanya kazi ileile. Kilichobadilika ni kukubali kwetu kuiita kazi. Kwa hiyo hesabu ile iliyomwambia msomaji wa haraka kwamba mtoto wa kike ana nafuu haikuwa ya uongo. Ilikuwa jibu sahihi kwa swali lililokatwa nusu.

Nisieleweke vibaya kana kwamba mvulana hana mateso. Kusini mwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kuna machimbo ya Mererani, ambako madini ya tanzanite yaligunduliwa mwaka 1967. Katika miaka ya 1990 wavulana walioingia katika mashimo membamba ya wachimbaji wadogo waliitwa nyoka, na jina hilo latosha kueleza walichokuwa wakitakiwa kufanya na miili yao. Mafuriko ya mwaka 1998 yaliua wachimbaji wengi chini ya ardhi. Kadhalika, watoto wanaolala katika mitaa ya mji wa Moshi na kubeba mizigo stendi na sokoni ni wavulana kwa sehemu kubwa. Mwana wa katikati asiye na kihamba husukumwa nje mapema, na huko nje kuna mashimo, moshi wa magari na polisi.

Lakini tazama tofauti. Mvulana husukumwa nje, msichana huvutwa ndani. Hatari ya mvulana huonekana, kwa hiyo mwandishi wa gazeti huifikia, mkaguzi wa kazi huiandikia ripoti, na mfadhili huijengea kituo. Hatari ya msichana imefunikwa kwa ukuta wa nyumba ya heshima, mara nyingine nyumba ya msharika, mara nyingine, na tuseme kweli, nyumba ya mchungaji.

Hapa lazima tuitazame sifa ya mkoa huu kwa jicho la uhakiki. Ni kweli kwamba binti wa Kilimanjaro huenda shuleni, na Kanisa lina haki ya kufurahi kwa sehemu yake katika jambo hilo. Lakini mama anapokwenda ofisini au dukani, na binti wa nyumba anapokwenda shule ya bweni, maji hayajitekeleki wala mtoto mchanga hajilei. Mara nyingi huletwa msichana mwingine. Huyu hutoka Singida au Dodoma, au milima ya Tanga, au kijiji cha tambarare cha mkoa huuhuu. Ndugu au jirani huenda kumwombea kwa wazazi wake kwa ahadi kwamba atapelekwa cherehani baadaye. Hivyo shule ya binti mmoja imejengwa juu ya ndoo ya binti mwingine. Takwimu za uandikishaji humwona wa kwanza na kumsifia mzazi wake. Wa pili hawamwoni, kwa kuwa hayumo katika shule yoyote inayohesabiwa.

Naye huitwa nani? Huitwa dada. Lugha yetu ina adabu, na adabu hii hapa imekuwa pazia. Mwajiriwa ana mshahara, ana saa za kuanza na za kumaliza, ana siku ya mapumziko. Dada hana haja ya mambo hayo, maana ni mtu wa nyumbani. Lakini ukifika wakati wa kugawa chakula, au wa kulipa ada, au wa kuketi sebuleni mgeni ajapo, anakumbushwa kwamba yeye si dada wa mtu yeyote pale. Jina la undugu limetumika kuondoa haki za mwajiriwa, bila kuleta haki za ndugu.

3. Kazi kama utii

Usomaji wa tatu ni wetu sisi wahubiri. Katika Wafalme wa Pili sura ya tano kuna msichana mdogo wa Israeli aliyetekwa na vikosi vya Washami, akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Ni yeye aliyesema juu ya nabii wa Samaria, na kwa neno lake Naamani akaponywa ukoma. Katika Shule ya Jumapili na katika mafundisho ya kipaimara huhubiriwa kama kielelezo: hakuwa na kinyongo, alimtumikia bibi yake kwa moyo, basi nanyi wasichana watumikieni wakubwa wenu hivyo.

Mahubiri hayo hayasemi uongo juu ya imani ya mtoto huyo. Kosa lake ni kuruka mambo ambayo maandiko yenyewe yameyaweka wazi. Yanaruka kwamba alikuwa mateka. Yanaruka kwamba Naamani alisafiri na fedha, dhahabu na mavazi kwa ajili ya nabii, na kwamba baada ya kupona aliomba hata mzigo wa udongo wa Israeli wa kubebwa na nyumbu wawili. Udongo wa Israeli ulipata ruhusa ya kusafiri. Mtoto wa Israeli hatajwi tena. Hatuelezwi kwamba alirudishwa kwa wazazi wake, wala kwamba alishukuriwa. Kila mwingine katika sura hiyo alipata kitu au alipoteza kitu, hata Gehazi. Ukimya huo hauna budi kuhubiriwa, maana msichana aketiye kwenye benchi la nyuma, ikiwa ameruhusiwa kuja kanisani, anaujua ukimya huo kuliko mhubiri.

Linganisha na Daudi. Yeye naye alikuwa mtoto mfanyakazi. Samweli alipofika nyumbani kwa Yese, mtoto wa mwisho alikuwa malishoni. Lakini kazi ya Daudi ina jina, ina simba na dubu, na mbele ya Sauli inageuka kuwa ushuhuda wa kufaa kwake. Kazi ya mvulana inamwandaa kwa kiti cha enzi. Kazi ya msichana inamponya bwana wake. Sisemi kwamba Biblia inawapenda wavulana zaidi. Nasema kwamba tunapohubiri Daudi tunasisitiza wito, na tunapohubiri msichana wa Naamani tunasisitiza utii, kisha tunashangaa kwamba vijana wetu wa kiume na wa kike wanajifunza mambo mawili tofauti juu ya kazi.

Maandiko yana vifungu vinavyoweza kutusahihisha. Katika Kutoka sura ya pili binti saba za kuhani wa Midiani wanateka maji, na wachungaji wanawafukuza kisimani. Musa anawasaidia, wanarudi mapema, naye baba yao anashangaa na kuuliza sababu ya kurudi upesi siku hiyo. Swali hilo la baba lina uzito. Kuchelewa kwao kila siku hakukumshangaza. Kuwahi ndiko kulikomshangaza. Ni wazazi wangapi kwenye miteremko hii ambao wangeuliza vilevile? Na katika Matendo sura ya kumi na sita, Paulo anamtoa pepo kijakazi aliyewapatia mabwana zake faida nyingi. Mabwana walipoona tumaini la faida limetoweka, walimkamata Paulo na Sila. Hapo maandiko yanasema bila kuficha kwamba uponyaji wa msichana ulikuwa hasara kwa waliomtumia. Hilo ndilo jambo linalofanya suala hili liwe gumu hata kwetu: mtoto wa kike akiwekwa huru, kuna watu wema watakaopata hasara.

4. Luther na amri ya siku takatifu

Mlutheri atauliza, Je, urithi wetu unasema nini? Jibu si la upande mmoja. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule kwa ajili ya wavulana na wasichana pia. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa wakati wake. Lakini alipokadiria saa, aliona inafaa mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku na muda uliobaki ajifunze ufundi nyumbani; kwa msichana alitaja saa moja, ili bado aweze kutimiza kazi zake za nyumbani. Basi pengo la saa tunaloliona katika majedwali ya UNICEF tunaliona pia katika barua ya Mtengenezaji wa Kanisa. Tusijifanye kuwa ni la Kiafrika peke yake.

Jambo la pili linagusa darasa la kipaimara. Amri ya siku ya mapumziko, katika Kutoka sura ya ishirini, inataja kwa majina ya nafasi zao wale wasiopaswa kufanya kazi siku hiyo: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama na mgeni. Kumbukumbu la Torati sura ya tano inaongeza sababu: watumishi wapumzike sawasawa na bwana wao, kwa kuwa Israeli naye alikuwa mtumwa Misri. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther aliifupisha amri hii, na maelezo yake yanahusu kulisikia na kuliheshimu Neno la Mungu. Orodha ya watu haimo. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo alikumbuka kwamba watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi juma zima wanahitaji siku ya kupumzika. Lakini watoto wetu hukariri Ndogo, si Kubwa.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa Machame au Marangu anaweza kuisoma amri ya tatu bila kosa hata moja, na kubarikiwa mbele ya usharika, bila kuwahi kuambiwa kwamba amri hiyo inamtaja dada yake, wala msichana aliyebaki nyumbani asubuhi hiyo akipika chakula cha sherehe ya kipaimara chenyewe. Jumapili katika nyumba nyingi ndiyo siku yenye kazi nyingi zaidi jikoni. Wageni hualikwa, nguo za juma hufuliwa, sare hupigwa pasi. Mvulana akitoka ibadani huenda kucheza mpira. Msichana akitoka ibadani, akiwa ameruhusiwa kwenda, huingia jikoni. Tunaitakasa siku hiyo kwa jasho la wale waliotajwa humo kwa kusudi wapumzike.

Hitimisho

Namna tatu za kusoma nilizozichunguza zinaelekea kukutana. Malezi husema kwamba msichana anajifunza, ajira husema kwamba hayumo katika mkataba, na mimbari husema kwamba ni mtiifu. Kila moja humpa jina zuri, na hakuna inayomuuliza saa zake, faida yake wala mapumziko yake. Lakini maswali hayo matatu ndiyo yanayotenganisha kazi inayomlea mtoto na kazi inayomla. Je, saa za kaka na za dada zinalingana? Je, anayefanya kazi ana sehemu katika matunda yake? Je, siku ya saba ni yake pia?

Kanisa halihitaji kusubiri sheria mpya ili kuanza kuuliza. Mwalimu wa kipaimara anaweza kuirudisha orodha ya Kutoka ishirini katika somo la amri ya tatu na kuwataka wanafunzi waandike nani hufanya nini nyumbani kwao siku ya Jumapili. Mzee wa kanisa anapotembelea nyumba za msharika anaweza kuuliza juu ya kila kijana aliyemo, pamoja na yule aliyeleta chai kisha akarudi jikoni: jina lake kamili, umri wake, kwao ni wapi, na kama ameandikwa katika darasa la kipaimara. Kama ana umri chini ya miaka 14, sheria ya nchi imekwisha kusema. Mzee asione haya kuikumbusha. Na katika vikao vya ukoo, ambako wachungaji huitwa kuomba mwanzo na mwisho, pana nafasi ya kusema neno katikati pia, juu ya binti ambaye mikono yake iliitunza migomba inayogawanywa.

Mashauri haya yana gharama. Nyumba itakayoyafuata italazimika kumtuma mvulana maji, kula chakula cha Jumapili kilichopikwa Jumamosi, au kumlipa mtu mzima mshahara wa mtu mzima. Baadhi ya nyumba hizo ni zetu tunaoandika na kusoma majarida kama hili. Mabwana wa Filipi walijua hasara yao siku ileile. Yafaa nasi tuijue yetu, ndipo tutakapoweza kumhubiria msichana wa Naamani bila kumrudisha jikoni.